Adalbert na Viti vya Dakota

Mwishoni mwa mwaka sabini na tatu serikali iliwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao ili kuwapa wananchi. Wananchi wenyewe hawakuonekana. Walioonekana ni wakubwa. Pale Bukavu, huko Zaïre, mkuu mmoja wa serikali aliyeitwa Citoyen Commissaire, yaani Mwananchi Kamishna, mtu mnene wa tumbo na wa maneno, aliamka asubuhi moja akiwa na mali mbili ambazo hakuwahi hata kuziota. Ya kwanza ilikuwa karakana ya useremala iliyoachwa na Mgriki. Ya pili ilikuwa ndege.

Ndege nzima, tena ya jeshi, Dakota iliyokuwa imebeba askari wa vita vyote vilivyopita, kisha mapipa ya mafuta, kisha samaki wakavu na mbuzi wa kupeleka Shabunda. Kila mzigo ulikuwa umeiachia harufu yake. Ndani hamkuwa na kitu ila mbavu za chuma na pete za kufungia mizigo sakafuni.

Commissaire hakujua kushika randa wala kurusha ndege, lakini kujumlisha alijua. Ana ndege isiyo na viti, na ana mafundi wasio na kazi. Akamwita msimamizi wa karakana.

Msimamizi huyo ndiye Adalbert, na tuseme mapema kwamba Adalbert lilikuwa jina haramu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, na kwenye kadi ya Chama aliandikwa Namegabe. Mkewe Euphrasie, naye haramu vilevile, alisema hana muda wa kuzoea mume mpya akiwa na mvi kichwani. Basi nyumbani kwao Kadutu sheria iliishia mlangoni.

Alikuwa mrefu, mkavu, penseli sikioni hata kanisani. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi pale pale. Hakujivunia nguvu wala haraka, alijivunia unyoofu. Alikuwa na nivo yake, kile kipande cha mbao chenye kioo na povu la maji ndani, na hakuna kabati wala dawati lililotoka mikononi mwake bila povu lile kusimama katikati. Bukavu ni mji wa miteremko. Mtu akiweka meza bila kupima, supu yake ataila mapajani. Miaka yote hiyo ilikuwa imemfundisha Adalbert kutoiamini sakafu yoyote anayoikanyaga. Kwingine kote mazoea hayo yalimpa sifa. Ndani ya Dakota yalimponza.

"Citoyen Namegabe," Commissaire alimwambia, "minataka fauteuils quatorze mu ndege yangu. Kisha juma mbili délégation ya Parti inaenda Shabunda. Yangu ikuwe mbele, na ikuwe mukubwa kupita ya bengine. Viti bikiwa muzuri, atelier inabakia atelier, na bafundi bako bote banabakia ku kazi. Bikiwa mubaya, pale natia bar. Ile madirisha iko mukubwa, inafaa muziki."

"Ndiyo, Citoyen Commissaire."

Mafundi walikuwa kumi na mmoja, na nyuma ya kila fundi kulikuwa na nyumba iliyojaa midomo. Adalbert alitembea kurudi karakanani akiwahesabu mmoja mmoja.

Hakuwa amewahi kuingia ndani ya ndege. Yeye na mafundi walipofika uwanja wa ndege wa Kavumu alipanda kwa mlango wa nyuma, akageuka kuelekea mbele, akakuta sakafu inapanda mlima. Dakota ndivyo ilivyo: mbele ina magurudumu mawili makubwa, nyuma ina kijigurudumu kimoja kama cha toroli, basi ikiwa chini hukaa imeinua pua na kulaza mkia. Rubani yeyote angemweleza. Ila rubani, Commandant Gaston, alikuwa Kisangani akitafuta tairi.

Adalbert akaweka nivo sakafuni. Povu likakimbilia juu likajificha. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ona kazi ya Bazungu," akawaambia wenzake. "Balijenga yote upande, haiko sawa. Bandugu, tutaisaidia."

Wakaisaidia. Mbao za libuyu zilitoka Bunyakiri, nzito, nyekundu, zenye harufu tamu iliyokaribia kuwashinda mbuzi. Kila kiti kilikatwa miguu ya mbele, upana wa kiganja, na miguu ya nyuma ikaachwa mirefu, hata mtu akiketi aketi sawasawa kama yuko sebuleni. Cha Commissaire kilivikwa kitambaa chenye madoa ya chui. Vyote vikafungwa kwa waya kwenye pete za sakafu. Adalbert akapita na nivo kiti kwa kiti, na mara kumi na nne povu likasimama katikati. Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na mpaka leo anasema hivyo hivyo.

Siku ya safari Commissaire alikuja na wajumbe wake kumi na wawili wa kamati ya Chama, wote ndani ya abakosti, lile koti lisilo na tai tulilolazimishwa kulipenda. Akaketi. Akaomba bia, akaweka glasi kwenye mkono wa kiti, akaitazama. Bia haikuegemea upande wowote.

"Bananchi," akasema, ingawa ndani ya ndege hamkuwa na mwananchi ila Adalbert, "mimi mwenyewe natangaza: hivi viti viko droit. Hakuna viti viko droit kama hivi mu Zaïre muzima!"

Wajumbe wakapiga makofi. Commandant Gaston, aliyekuwa amerudi alfajiri hiyo na tairi lake, akasimama mlangoni na mdomo wazi. Yeye jina lake lilikuwa halijaguswa, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuishusha ile ndege.

"Mais, chef," akasema, "hivi viti, tukisha kupanda juu…"

"Citoyen pilote, kazi yako ni kurusha. Ya viti, imeisha kutangazwa."

Gaston akamwangalia fundi kwa jicho la kucheka. "Papa, panda na weye. Shika na sanduku yako ya vyombo. Minaona kazi yako haiyaisha."

Hivyo Adalbert akapanda, akaketi kiti cha mwisho, sanduku mapajani.

Ndege ikakimbia. Mkia ukainuka, sakafu ikalala sawa, na viti kumi na vinne vikainama mbele kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu Chama kianzishwe, kamati nzima iliinama bila kuamriwa. Mmoja alikumbatia kiti kilichokuwa mbele yake. Mwingine alitoka kitini taratibu, akapiga magoti, akabaki hapo akijifanya anatafuta kalamu. Bia ya Commissaire ilimwagika yote mapajani mwake, na yeye mwenyewe akawa anateleza, anajirudisha, anateleza tena, visigino vimekazwa kwenye ukuta wa chumba cha rubani.

Adalbert alitoa nivo, akaiweka sakafuni. Povu lilikuwa katikati, limetulia. Akaiweka kwenye kiti. Povu likakimbia. Alikuwa ameelewa yote.

Commissaire naye alikuwa amefikiri, kwa namna ya wakubwa. Viti vilikuwa vimenyooka asubuhi. Yeye mwenyewe ametangaza. Alichotangaza hakiwezi kupinda. Basi kilichopinda ni ndege.

"Pilote!" akapaza sauti. "Unarusha ndege upande! Nyoosha ndege!"

"Chef, ndege iko droit," Gaston alijibu bila kugeuka. "Nikiinua mupua, vitesse, ile mbio yake, itapunguka, na ndege itaanguka mu pori."

"Nyoosha! Ao unafanya sabotage?"

Neno hilo, yaani hujuma, miaka ile lilikuwa limejaza magereza. Gaston akauvuta usukani. Pua ikapanda, na kadiri ilivyopanda viti vilirudi kuwa sawa, mpaka Commissaire akaketi wima, akatengeneza kola yake.

"Sasa iko sawa!" mjumbe mmoja akashangilia. "Citoyen Commissaire alisema kweli!"

"Kweli kabisa!" wakaitika wengine.

Ni Adalbert peke yake aliyekuwa anasikiliza. Injini zilikuwa zimebadili sauti, zinakoroma kama msumeno uliobanwa na mbao mbichi, na sauti hiyo aliijua vizuri: baada yake kitu hukatika. Sakafu ikaanza kutetemeka. Dirishani msitu wa Mwenga ulikuwa unakaribia, mti mmoja mmoja ukionekana. Mbele, shingo ya Gaston ilikuwa imelowa jasho.

Akisema, karakana imekwenda. Asiposema, wote wamekwenda. Utadhani ni hesabu rahisi, lakini Adalbert haoni haya kukiri kwamba kwanza aliiogopa bar, kisha ndipo akakiogopa kifo. Aliwaona wale kumi na mmoja wamekaa barabarani na randa zao. Ndipo akasimama, akishikilia kiti.

"Citoyen Commissaire, ndege iko sawa. Viti njo biko upande. Nilipima wakati ndege ilikuwa chini, imelalisha mukia. Ni miye nilikosa."

Ni lazima ujue ilikuwa miaka gani. Daraja likivunjika, ni mabeberu. Sukari ikikosekana, ni wahujumu. Barabara ya Kamituga ikimeza lori, ni mvua, na mvua nayo ilitumwa na mtu. Hakuna hata mmoja kati ya wajumbe wale aliyewahi kusikia mkutanoni "ni miye" na "nilikosa" vikikaa kwenye sentensi moja. Kwa mtu anayekana Commissaire alikuwa na jibu. Kwa mtu anayesingizia wengine alikuwa na jibu, tena na nafasi ya kazi. Kwa mtu anayekubali hakuwa na kitu.

Gaston hakungoja afikirie. Akashusha pua, injini zikapumua, na kamati ikainama tena.

"Basi, tengeneza," akasema Commissaire kutoka pale alipoangukia, magotini.

Adalbert akatoa msumeno. Juu ya msitu, mbele ya wajumbe walioshikana mikono, alikata miguu ya nyuma ya kile kiti cha chui, upana wa kiganja, unga wa libuyu ukiwaangukia viatuni. Wengine hawakutaka vyao viguswe. Nani angethubutu kukaa sawa na mkuu? Commissaire akaketi, akatulia, na kwa dakika thelathini alisafiri kama mfalme, akiwatazama wenzake wakiteleza.

Ila kiti kilikuwa kimekatwa pamoja na waya zake, na ndege zote hutua. Pale Shabunda magurudumu yaligusa udongo, mwendo ukapungua, mkia ukashuka, na sakafu ikageuka kuwa mteremko. Commissaire akaondoka na kiti chake, kinyumenyume, katikati ya wajumbe wake, mpaka mlango wa nyuma. Ulipofunguliwa, ngoma zikipigwa na akina mama wakikiimba Chama, walimkuta chali, viatu juu, madoa ya chui pande zote. Ripoti ya safari iliandika kwamba Citoyen Commissaire ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni. Wajumbe wakaipigia makofi.

Karakana ikawa bar. Adalbert aliwakusanya mafundi, hakuwazungushia maneno. "Bandugu, kazi imekwisha. Ni miye nilikosa." Watatu walikwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Mmoja alipitisha mwaka mzima bila kumsalimia, na Adalbert aliona ni haki yake. Jioni ile alilia mbele ya mkewe, mwanaume mzima.

"Kwani ulitaka nibakie mujane juu ya kiti?" Euphrasie akamuuliza. Hakumbembeleza zaidi ya hapo.

Alianza kutengeneza vitanda uani. Habari ya ndege ilikuwa imezunguka Kadutu yote, na watu wakampa jina, Papa Nilikosa. Kwanza liliuma. Kisha wateja wakaanza kuja. Mafundi wengine wa mji hawakuwahi kukosea hata siku moja, na vitanda vyao vilikuwa vinavunjika. Mama mmoja alisema afadhali anunue kwa yule mwenye anakosaka, atajua akarudishe wapi. Kufika mwaka wa pili, saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamerudi, wanapiga randa chini ya mabati ya uani.

Mwaka wa tatu redio ikamfukuza Commissaire. Habari ilisomwa saa saba mchana, katikati ya orodha, jina lake likapita kama mengine. Kabla habari za mpira hazijafika, dereva alikuwa ameshaondoka na gari.

Siku nne baadaye alifika uani kwa Adalbert, kwa miguu, vumbi magotini, kola imefunguliwa. Alipewa benchi, akaketi, akatoa karatasi na kalamu.

"Papa Adalbert," akasema, na jina lile haramu likamtoka vizuri kabisa. "Banasema niandike barua ku Kinshasa, niombe pardon. Ni siku tatu sasa. Minafika ku mustari wa pili, mukono unakataa. Siku ile mu ndege, ulisema namna gani?"

"Nilisema, ni miye nilikosa."

"Ni ile tu?"

"Ile tu, papa."

Commissaire akaandika polepole, akasoma kwa sauti. "Makosa yalifanyika."

"Na nani?"

Akafuta. "Balikosa."

"Banani?"

Akafuta tena. Jasho lilikuwa linamtiririka, na Adalbert, aliyekuwa na kila sababu ya kucheka, hakuweza. Alimwonea huruma, huruma ya kweli. Aliweka randa chini, akaketi kando yake.

"Tulikosa," akanong'ona Commissaire. Akainua macho. "Hii minaweza. Tulikosa, miye na weye. Weye umeisha kuzoea. Niandike vile?"

Kutoka jikoni Euphrasie alikohoa kwa nguvu. Adalbert alitazama ule mkono ulioshika kalamu.

"Andika, papa," akasema. "Lakini anza na jina yako."

Commissaire akafikiri sana. Kisha akainamia karatasi, akaanza na lile jina la kwenye kadi ya Adalbert: Namegabe.