Mume Wangu Anataka Nitupe Vifaa vya Kuunga Meno Bandia

Mhariri, jina langu lifiche, ila makali ya maneno yangu usiyapunguze.

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, naishi Ipagala, Dodoma. Mume wangu ni karani serikalini. Meno yangu manne ya mbele yaling'oka nilipoanguka na baiskeli, nikatengenezewa ya bandia. Nikayazoea hata nikasahau kama si yangu.

Mwaka jana yaliniponyoka nikiyaosha, yakapiga sakafu, bamba linaloyashikilia likapasuka vipande viwili. Hospitalini nikaambiwa vifaa vya kuunga vimekwisha, nisubiri. Mume wangu akaja na gundi ya viatu, hizi zilizojaa madukani tangu biashara iwe ruksa. "Bandika, yaishe," akasema. Nikabandika. Meno yakakaa upande, fizi zikatoka vidonda, na Jumapili nikisoma somo kanisani yakaachia mbele ya watu wote. Waliocheka walicheka. Mume wangu akainamisha kichwa kama mtu asiyenijua.

Tangu siku hiyo hakutaka nitoke. Harusi ya mwenzake wa kazini alikwenda na dada yake, akawaambia watu naumwa. Mimi mzima wa afya, niko uani napepeta mtama! Hapo ndipo nilipochoka.

Nikasikia huko Gulwe kuna mzee mmoja, fundi wa meno mstaafu. Nikapanda treni, kanga mdomoni. Baada ya shikamoo nikampa vile vipande, akavigeuzageuza kwa masikitiko.

"Mwanangu, nani kakudanganya na gundi? Inaharibu kingo, na mdomoni si mahali pake."

Aliikwangua yote taratibu, akavikutanisha vipande mpaka mwanya ukapotea, akavishikiza kwa nta na njiti ya kiberiti. Akamimina plasta, kama ile ya kufungia mfupa uliovunjika, upande wa ndani ipate umbo. Ilipokauka akaitoa nta, akazipunguza kingo za ufa kwa tupa ili pawe na nafasi, akavirudisha vipande juu ya plasta. Kwenye ule ufa akajaza unga wa rangi ya fizi, akiudondoshea maji yake yenye harufu kali. Akayaloweka meno kwenye maji ya vuguvugu mpaka ule unga ukawa mgumu, kisha akasugua kwa msasa. Nilipojitazama kwenye kioo nililia.

"Baba, nifundishe," nikamwambia.

Akacheka. "Mke wa karani?"

"Mke wa karani naye ana mikono."

Nilikwenda kwake miezi mingi, nikaharibu mengi, nikajua. Sasa naunga meno barazani kwangu, na watu wanafika, wengi wazee, wengine wakitazama nyuma kama wezi.

Mume wangu kanipa mpaka mwisho wa mwezi. "Chagua, meno ya watu au ndoa yako. Hakuna mtu wa heshima anayevaa takataka hizo. Siku mkubwa wangu akija hapa akayakuta, nitauficha wapi uso?"

Wasomaji, mume wangu ukurasa huu hausomi, ndiyo maana nawaambia ninyi: huyo mkubwa wake alishakuja. Alikuja wiki iliyopita mume wangu akiwa kazini, leso mdomoni, akaniomba, "Mama, mumeo asijue." Nikamwahidi. Neno moja tu lingemnyamazisha mume wangu, lakini siri ya mtu aliyenifungulia mdomo wake siitoi, hata kwa kuiokoa ndoa.

Nilimjibu hivi: "Ulinificha nilipokuwa sina meno. Sasa ninayo, bado unataka kunificha. Sifungi." Tangu hapo hasemi nami, analala chumba cha watoto.

Sasa nishaurini, ndugu zangu. Nimvumilie nikitumaini atabadilika, au nirudi kwetu Zuzu na tupa zangu na unga wangu? La kufunga kazi msinishauri kabisa, mtapoteza wino. Kesho asubuhi namsubiri bibi mmoja aliyeishi kwa uji tangu mavuno. Anataka kutafuna karanga, na atazitafuna.