Ngozi ya Ndama

Mke wa mjukuu wangu akikamua maziwa yake kwa kile kipampu kabla ya kwenda kazini, mimi natoka nje. Harufu ile ya mpira na maziwa ya moto siitaki.

Baba yangu alikamua ng'ombe wa mzungu mmoja, kule Iringa. Ikaletwa mashine. Pampu ilifyonza hewa, na mipira minne ikang'ang'ania chuchu, ikanyonya bila mdomo. Ng'ombe mmoja aliyefiwa na ndama akayabana maziwa. Mzungu akasema asipoyaachia leo, kesho anachinjwa.

Baba akaleta ngozi ya yule ndama, ameijaza nyasi, akanipa mimi, mtoto wa shule.

"Ishike isimame. Itikise kama inanyonya. Na usimtazame machoni."

"Kwa nini, baba?"

"Wewe shika."

Mashine ikavuta. Ng'ombe akailamba ngozi, kisha ulimi ukahamia mkononi mwangu, ukabaki hapo. Maziwa yakapita kwenye bomba la kioo. Nikainua macho. Ngozi alikuwa ameisahau, ananitazama mimi.

Baba aliona.

Kesho yake hakuja na ngozi. Alikuja na mimi, na shule yangu ikaishia hapo.