Funga ya Fundi na Funga Yangu

Nilichukuliwa kazini kwa majaribio ya mwezi mmoja, na kazi yenyewe ilikuwa bado haipo. Ofisi ya maji pale Iringa ilikuwa inasubiri kompyuta kutoka ofisi ya Mbeya, ambako ilikuwa imetumika miaka mingi. Ikifika na kufanya kazi, mimi ningekuwa mtu wa kuilisha mikanda. Isipofanya kazi, ningerudi kwetu Idodi na cheti changu cha darasa la saba. Mkuu wa ofisi alinieleza hivyo siku ya kwanza, kwa upole, nami nikaitikia nikiangalia miguu yangu.

Mikanda ilikuwa ya karatasi, myembamba, yenye matundu. Kule Usangu, mitoni, kulikuwa na vipimo vilivyotoboa mkanda kila robo saa kuonyesha maji yamefika wapi. Maboksi matatu yalikaa chini ya meza yangu. Masika yote yalikuwa humo, na hakuna aliyeweza kuyasoma.

Kompyuta ilikuja kwa lori, imeviringishwa magunia. Lilikuwa kabati la chuma, refu kuliko mimi. Mbele yake kulikuwa na safu ya swichi kumi na mbili, na juu ya kila swichi taa ndogo. Barabara ilikuwa imeua karibu taa zote. Pamoja nayo alikuja fundi, mtu mzima wa Tukuyu, mwenye miwani mizito.

"Kamwene, mzee," nilimwamkia.

"Kamwene, mama. Wewe ndiye utakayeishi na bibi huyu?" Aligonga kabati. "Mzee sana. Ukimfokea, anazira."

Nilicheka, lakini kwa ndani.

Shida ilikuwa kifaa cha kusomea mikanda. Hicho kilikuwa kipya, na kompyuta ilitengenezwa kabla yake.

"Bibi hamjui huyu mgeni," fundi alinieleza. "Lazima tumfundishe namna ya kuongea naye. Mafundisho yamo kwenye mkanda huu hapa."

"Si tuuweke tu, ausome?" Nadhani hilo lilikuwa swali langu la kwanza wiki ile.

"Ausome kwa kutumia nini, na mgeni bado hajamjua? Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku."

Kwa hiyo mistari kumi na sita ya kwanza ilibidi iingizwe kwa mkono, swichi kwa swichi. Baada ya hapo kifaa kingeweza kusoma ule mkanda wa mafundisho, na mkanda ungemalizia mengine.

Fundi alikaa dirishani na kitabu cha maelekezo, kwa ajili ya macho yake. Mimi nilisimama mbele ya swichi, kwa kuwa zilibanana na vidole vyangu ni vyembamba.

"Funga. Funga. Fungua. Funga. Fungua, fungua, fungua."

Mwisho wa kila mstari nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Tulipomaliza yote kumi na sita, fundi alipachika mkanda, akabonyeza kitufe cha kuanza. Kimya. Mkanda haukusogea hata tundu moja.

Tulirudia Jumanne nzima, na Jumatano, na Alhamisi. Fundi alifungua mgongo wa kabati, akapangusa vumbi la miaka, akabadilisha waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Alhamisi mkuu wa ofisi alisimama mlangoni.

"Mzee, lori linarudi Mbeya Jumamosi. Kama haisemi, ipandishe."

Mimi hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku hiyohiyo nilipata barua ya mama. Nilikuwa nimemwandikia kwamba kuna kompyuta inakuja na tutaifunga ofisini. Mama hasomi, jirani ndiye aliyemsomea na kumwandikia jibu: "Mwanangu, nimesikia ofisi yenu inafungwa. Usihuzunike. Njoo tuvune mahindi." Niliisoma nimekaa kitandani kwa shangazi, mtaa wa Kihesa. Nilicheka, halafu nikaisoma tena.

Ijumaa asubuhi sauti ya fundi ilikuwa imekauka. "Leo nitakusomea mara moja tu," alisema. "Andika kwenye daftari, halafu utaingiza mwenyewe."

Mimi huandika polepole. Shuleni mwalimu alifuta ubao nikiwa bado katikati. Swichi kumi na mbili kwa mistari kumi na sita, kila moja na neno lake, ningefika jioni. Basi badala ya maneno nikachora. Fungua, kijiti kimesimama. Funga, kijiti kimelala. Fundi alisoma, akaningoja mwisho wa kila mstari. Hakunihimiza hata mara moja, na mpaka leo nalikumbuka hilo.

Alitoka kutafuta chai. Aliporudi aliinama juu ya daftari, kikombe mkononi.

"Hiki kilicholala ni nini?"

"Funga."

"Mbona kimelala?"

"Kwa sababu imefungwa, mzee. Swichi iko chini."

"Chini?" Aliweka kikombe mezani. "Funga ni chini?"

"Si kama redio? Kwetu ukifunga redio, inanyamaza."

Alivua miwani. "Mama, mimi nimesomea umeme. Kwetu mafundi ukifunga njia, waya zimegusana, umeme unapita. Funga ni juu! Taa inawaka!"

"Na fungua?"

"Fungua ni kuziachanisha. Giza."

Siku tatu nilikuwa nimemwambia bibi kila neno kinyume chake, na taa ambazo zingetuonyesha zilikuwa zimekufa barabarani. Nilingoja nifokewe.

"Mnyakyusa na Mhehe," alisema, "kila mmoja na funga yake, na bibi wa watu katikati anashangaa!" Alicheka mpaka akashika meza. "Hukuwa na shaka hata kidogo?"

"Nilikuwa nayo. Ulipotaka umeme wa ukutani ukatwe, ulisema zima. Hukusema funga."

"Na hukuniuliza."

"Niliona aibu."

"Ona aibu ukiwa ukweni. Humu ndani, kuanzia leo, ni juu na chini. Neno funga ni marufuku."

Hatukuandika upya. Kilicholala nilikipandisha juu, kilichosimama nikakishusha chini. Mstari wa kumi na sita, kitufe, na mkanda ukashtuka, ukaanza kukimbia. Ulipoisha nilipachika mkanda wa kwanza wa Usangu. Taipu iliyounganishwa na kabati ikaanza kugonga namba, mto ukipanda robo saa kwa robo saa.

"Ndaga," fundi aliliambia kabati. Ndiyo ahsante ya kwao.

Mkuu wa ofisi alisikia kelele, akaja. "Kosa lilikuwa nini?"



"Nilikuwa namsomea vibaya," alisema fundi. "Tumelijua kwa daftari lake."

Hakusema uongo. Lakini jambo lile lingeweza kusemwa kwa namna nyingine nyingi, na kwa nyingi kati ya hizo ningepanda lori pamoja na magunia. Yeye alichagua ile moja. Mkuu aliviangalia vijiti vyangu muda mrefu.

"Daftari hili likae hapa karibu na mashine," alisema. "Na wewe pia."

Jumapili, baada ya ibada, nilikaa kumjibu mama. Niliandika: Mama, tumefunga kompyuta. Nikafuta. Nikaandika: tumeifungua. Nikafuta na hilo, karatasi ikatoboka. Nikachukua nyingine, nikaandika polepole: Mama, mashine inaongea. Mahindi mnisamehe, nimebaki kazini.