Mkufu wa Jani la Muhogo

Kila likizo ya Desemba nilipelekwa kwa bibi, Chinongwe, na kitu cha kwanza nilichouliza nikifika ni mtoto wa mjomba yuko wapi. Mimi nilikulia Nachingwea mjini, sikujua kutengeneza chochote. Yeye alinizidi miaka miwili na alikuwa sonara. Duka letu lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya mkrismasi uliochanua. Petali zake nyekundu tulizilamba tukazibandika kwenye kucha, tukatembea vidole vimenyooka kama mabibi harusi.

Lakini mali hasa ilikuwa mkufu. Unachuma jani la muhogo pamoja na kikonyo chake kirefu. Unavunja kipande kidogo, unakivuta taratibu ngozi isikatike, kisha unavunja kingine kwa upande wa pili. Unaendelea hivyo, huku vipande vikining'inia kwenye ngozi kama shanga, mpaka jani lenyewe linabaki chini kama kidani. Mikufu yake ilifika kifuani. Yangu ilikatika mapema, kwa hiyo nilizoea kuvunja vipande vikubwa na kuishia njiani.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilifika nikakuta duka halina mtu.

“Yuko ndani,” bibi alisema. “Ni mwali sasa.”

“Anaumwa?”

“Haumwi.”

“Amekosa nini?”

“Hajakosa. Anafundwa.”

“Anafundwa nini?”

“Mke mwenzangu,” bibi alisema bila kuacha kutwanga, “kwa mdomo huo mume wetu atakurudisha kwenu.”

Niliruka yote, nikauliza lile lililoniuma. “Akitoka, tutacheza?”

“Akitoka ni mtu mzima. Mtu mzima havai majani.”

Nani alisema? Lini? Na kwa nini majani, si viatu? Baadaye, chuo kikuu, nilifundishwa kwamba swali zuri ni nusu ya jibu. Kwa bibi lilikuwa nusu ya kofi. Nikarudi dukani peke yangu, nikaharibu mihogo ya watu.

Siku ya kumtoa, ngoma zililia tangu alfajiri. Wanawake waliingia uani wakicheza, matawi mikononi, majani yamechomekwa vilembani. Mbele yao alikuwa bibi, tawi bichi la mkorosho limesimama kichwani kama upanga wa jogoo.

“Bibi!” nilipaza sauti. “Mtu mzima havai majani!”

Wanawake waliangua kicheko. “Haya, mjibu mke mwenzio!” mmoja alimchokoza.

“Haya ni ya heshima!” bibi alijibu, miguu haijakosea hata hatua moja.

“Kwani yangu yana matusi?”

Mama mkubwa alinivuta sikio, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Wakamtoa. Aling'aa mafuta, amevikwa kanga mpya, wakamkalisha mkekani. Mwali hainui macho na hacheki, basi aliinama kama mtu asiyemjua yeyote pale. Watu wakapanga foleni kumtuza: kanga, sabuni, bakuli la maua. Nami nikapanga, nyuma ya mama mkubwa, na mkufu wangu wa muhogo. Ulikuwa mbaya kama kawaida, vipande vikubwa, kisha kikonyo kizima ambacho sikuthubutu kukivunja.

Nilipomvalisha, hakutikisika. Nikasimama pale kama mjinga. Kungwi wake, mama aliyemfundisha kule ndani, alinyoosha mkono. “Ondoa mchezo wako, mtoto.”

Kabla hajaugusa, mkono wa mwali ulitoka chini ya kanga. Ulipapasa mpaka ukakifikia kile kikonyo. Ukavunja kidogo, ukavuta. Ukavunja upande wa pili, ukavuta. Macho yake yalikuwa bado mkekani. Jani likashuka polepole mpaka likatulia kifuani, mahali pake.

“Vidogo,” alininong'oneza, midomo haikusogea. “Nimekwambia mara ngapi? Kesho uchume vikonyo virefu.”

Kungwi alisikia. Akageuka kumtazama bibi, akingoja amri.

Bibi alinitazama, akautazama mkufu. Kisha akaliweka sawa tawi lake la mkorosho, akaanzisha wimbo mwingine.