Niliitika "Yes", Gauni Likaharibika

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na moja, najifunza ushonaji kwa Mama Asumini sokoni Masasi. Siku hizo nilikuwa pia najifundisha Kiingereza. Nilikuwa na daftari la maneno ya nguo: *put on* ni kuvaa, *take off* ni kuvua, *hang up* ni kutundika. *Take in* ni kubana nguo, *let out* ni kuipanua. Asubuhi nayajua, ikifika adhuhuri yameshabadilishana nafasi kichwani.

Mama Asumini alikuwa msibani Newala. Akaja Bi. Ruti, mgeni wa makamo kutoka ng'ambo aliyekuwa akifundisha upande wa Lulindi.

"Shikamoo," akaniambia.

Kwa kuduwaa nikaitika, "Marahaba." Wauza vitenge wa jirani wakacheka.

Akatoa gauni la hariri, akashika kiuno chake, akaongea haraka. Nilisikia Jumamosi, nikasikia harusi. Kisha nikasikia *let*, au labda *take*. Sikuwa na hakika. Akaniuliza kama nimeelewa.

"Yes," nikasema, na majirani wakaacha kucheka.

Desturi ya kibanda chetu ilikuwa mteja avae kwanza, fundi aweke alama za chaki, ndipo mkasi uguse kitambaa. Sikumvalisha. Niliona nikishika chaki itanibidi nimwulize tena, na watu watajua Kiingereza changu hakitoshi. Alipoondoka nikalibana gauni kiunoni, na kile kitambaa cha ziada ndani ya mishono nikakikata.

Ijumaa alilijaribu nyuma ya pazia. Zipu ikagoma katikati. Alitaka lipanuliwe, nami nilikuwa nimekata kitambaa cha kupanulia.

"Gauni la mama yangu," alisema kwa Kiswahili chake kidogo. "Mama amekufa."

Mama Asumini, aliyekuwa amerudi, hakunikaripia mbele ya mteja. Aliniita pembeni.

"Saidi, ulimpima?"

"Hapana, Mama."

"Ulimwuliza mara ya pili?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unashona gauni, au unashona sifa zako?"

Yeye mwenyewe aliongeza vipande vya kitambaa cheusi ubavuni, Bi. Ruti akiwa amelivaa. Lilimwenea, ila halikuwa tena lile alilovaa mama yake. Nikamwomba radhi. Alinijibu kwa Kiingereza kirefu. Nikamwambia sijaelewa. Akarudia, polepole.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Usipoelewa, sema hapo hapo, hata mbele ya wanaokucheka. Kicheko chao kitapita, lakini hasara ya mwenzio inaweza isirudi. Na lugha ya nguo usiikariri kwenye karatasi tupu kama nilivyofanya mimi. Ukisema *take off*, vua shati. Ukisema *hang up*, litundike. Mkono utakikumbusha kichwa. Na ukishika nguo ya mtu, kumbuka hujui alikoitoa wala nani aliivaa kabla yake.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, na akukutanishe na watu wenye subira ya kukujibu.