Neno la Uzi Mwekundu

Kwenye ukuta wa kanisa moja la Naples, huko Italia, kuna tundu ambalo zamani lilikuwa na gurudumu la mbao. Mama aliyeshindwa kulea alimweka mtoto humo, akaligeuza, na mtoto akatokea upande wa pili mikononi mwa walezi. Gurudumu lilifungwa mwaka 1875, lakini tundu lipo mpaka leo. Denise Nabintu, fundi wa kushona kutoka Bukavu, alizijua habari hizo bila kufika Italia, kwa sababu alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Bezuidenhout Valley, mtaa wa Johannesburg, aitwaye Assunta Esposito.

"Esposito ni aliyewekwa nje," bibi alipenda kumwambia, akicheka. "Ndilo jina walilopewa watoto wa gurudumu. Babu wa babu yangu alipitia pale."

Baba yake bibi aliletwa Afrika Kusini akiwa mfungwa wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vikaisha, yeye akabaki. Alimrithisha binti yake nusu ya medali ya mtakatifu. Akina mama wa Naples walikuwa wakikata medali kwa mkasi, nusu wakamfunga mtoto shingoni, nusu wakabaki nayo, ili siku wakirudi wamtambue. Nusu ya pili ya akina Esposito haikuja kamwe. Denise aliisugua ile iliyobaki kila asubuhi, akijisemea kwamba haya ni mambo ya wazungu.

Mambo ya wazungu! Usicheke kilema, hujafa hujaumbika. Denise alipata mimba, na Gustave, mlinzi aliyemwahidi ndoa, akahamia Cape Town na simu yake ikafa. Bibi Assunta akapelekwa na wanawe kwenye nyumba ya wazee kule Randburg. Nyumba ikauzwa, na kile chumba cha uani alichokuwa akilala Denise kikaenda na nyumba. Mtoto wa kike alizaliwa Mei, na Juni iliwakuta kwenye jengo la Doornfontein lisilo na vioo madirishani. Wanaosema Afrika haina baridi hawajalala Johannesburg kwenye simenti mwezi huo. Mtoto alikohoa mpaka akawa wa bluu midomoni, na maziwa ya mama yakakauka. Anayetaka kumhukumu Denise na amhukumu, ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Johannesburg nako kuna nyumba yenye tundu ukutani, na nyuma ya kijimlango chake kitanda kidogo chenye kengele. Denise alichukua kitenge chake cha mbayuwayu, alichopewa na mama yake, akakikata kupitia katikati ya ndege mmoja. Kwenye nusu ya mtoto alitarizi neno moja kwa uzi mwekundu: NITARUDIA. Alimfunga mtoto, akamlaza, akafunga kijimlango. Kengele ilipolia ndani alikimbia mpaka kwenye robot, taa ya kuongozea magari, ya barabara kuu, akashika nguzo yake na kutapika.

Alipata kazi kwa Pacifique, fundi cherehani wa Troyeville, akashona kama mtu aliyepagawa, akala mara moja kwa siku mpaka akapata chumba chenye dirisha zima. Januari alirudi kwenye ile nyumba na nusu yake ya kitenge. Lerato, ofisa wa ustawi wa watoto, alimsikiliza, akaleta nusu ya pili. Kichwa cha ndege na mkia wake vikakutana mezani. Denise akaanza kulia kwa furaha.

"Mama, hili neno lilitutisha," Lerato alisema taratibu. "Tulimwita mkalimani. Alituambia maana yake ni 'nitafanya hivi tena'. Mahakama ikaelezwa hivyo hivyo. Familia ya kumchukua imepatikana, na Alhamisi hakimu anamaliza kesi."

"Si vile!" Denise alipiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo Lerato hakuijua. "Si vile!"

Mkalimani alikuwa Hedwiga, Mluguru wa Morogoro, aliyeolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni Tanzania, kisha akamfuata kwao. Denise aliulizia mpaka akamkuta nyumbani kwake Bertrams, akapiga magoti mlangoni.

"Maman Hedwiga, kwetu Bukavu kurudia ni kuja tena kwenye ulitoka. Niko naomba. Ni mutoto wangu."

"Kurudia ni kufanya tena, dada yangu. Kurudia darasa. Kurudia kosa. Ungetaka kusema unarudi, ungeandika 'nitarudi'. Mimi Kiswahili nimekisoma, sikukiokota njiani. Niende kortini niseme nini, kwamba sikijui?"

Tuna ugonjwa sisi Waswahili: mwenzetu akitamka tofauti, tunamsahihisha kabla hatujamsikia.

Denise alisihi mpaka sauti ikamwisha. Mwishowe aliinuka, akajipangusa magoti, na kwa adabu tu aliyolelewa nayo akaaga. "Aksanti, Maman. Nitarudia kesho."

Mkono wa Hedwiga ukaganda kwenye kitasa. "Umesemaje?"

"Nimesema nitarudia kesho. Hata ukinifukuza."

Hedwiga alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akajishika kichwa. "Mungu wangu," alisema. "Nimemfanya nini mtoto wa watu."

Alhamisi Hedwiga alisimama mbele ya hakimu na kusema kosa ni lake. Hakimu aliahirisha kesi, akaagiza damu ya mama na mtoto ipimwe na chumba cha Denise kikakaguliwe, ila hakuahidi kitu. Kwenye ukumbi, ile familia iliyokwisha kupaka rangi chumba cha mtoto ililia, na Denise, ambaye alikuja tayari kuwachukia, alishindwa.

Lerato akawapeleka Denise na Hedwiga kumwona mtoto. Alikuwa amenona, ana meno mawili, na hakumjua mama yake hata kidogo. Denise alipompokea, mtoto alipiga mayowe na kumnyooshea mlezi mikono.

"Nita, Nita, nyamaza," mlezi alimbembeleza. Akamgeukia Denise kwa aibu. "Kabla mkalimani hajaja tulidhani ni jina, kwa vile lilikuwa kwenye kitambaa. Lilikuwa refu mno, tukalikata."

Denise alimkumbuka bibi Assunta, na ukoo mzima unaoitwa kwa jina la siku ile ya gurudumu. Miezi yote hii mwanawe alikuwa akiitwa kwa ahadi yake, nayo haijakamilika. Alimkumbatia mtoto anayempiga kwa ngumi ndogo, akamwinamia sikioni.

"Nimerudia, maman," alimwambia. "Nimerudia."

Mtoto akazidi kulia. Hedwiga alikuwa amesimama nyuma yao, akalisikia lile neno, na hakulisahihisha.