Trela Lisilojua Kurudi

Enzi zetu kamera ya kurudisha gari nyuma ilikuwa mtu aliyesimama vumbini akipiga kelele. Mtaani kwetu Bulla Pesa mtu huyo nilikuwa mimi, na mpaka leo nikiulizwa kulia ni wapi, natazama kwanza mkono ninaolia ugali.

Baba alitengeneza mwenyewe trela la kuvutwa na gari lake, pale uani, kwa ekseli ya gari bovu, vyuma vya vitanda na mbao za kuokoteza. Ua wote ulinuka chuma kilichoungua. Chai ya maziwa ya ngamia ilipoa kwenye kikombe chake huku mama akitufukuza, "Tazameni hizo cheche, mtapofuka!" Trela lilikuwa na kazi moja tu: kumleta Akko, nyanya yetu mzaa baba, kutoka Merti. Ndugu za baba walikuwa wamekata shauri ahamie mjini, naye akasema bila mbuzi wake haendi popote. Basi mbuzi wangepanda trela.

Tulifika Merti tumekula vumbi la kututosha mwaka. Shida ilianza mlangoni pa boma, ambapo ilibidi baba aingie rivasi. Trela lina ukaidi wake: ukikata usukani kulia, lenyewe linaelekea kushoto. Mimi nikapiga kelele, "Kulia!" Majirani nao, "Bita! Bita!" yaani kushoto.

"Kulia kwako ama kwangu?" baba akauliza.

Sikujua. Mara ya nne trela likaangusha ua wa miba, mbuzi wakatimua mbio kuelekea mtoni.

Akko hakukasirika. Alilizunguka trela akiligonga kwa fimbo, kisha akasema, "Hiki kitu hakijui kurudi. Siku nikitaka kurudi kwangu, mtanirudisha na nini?" Akakataa kuondoka. Tulirudi na trela tupu, mimi nikilia njia nzima, nikiamini ni kelele zangu zilizotukosesha Akko.

Wiki hiyo hiyo nilimwona baba akilirudisha trela lile lile kati ya ukuta na kibanda cha mboga, kwa mkono mmoja, huku anakunywa chai. Nikachanganyikiwa kabisa. Nilipomuuliza alisema, "Kule jua lilikuwa machoni, binti yangu." Lakini siku ile Merti ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini. Akko aliishi Merti na mbuzi wake mpaka Mungu alipomchukua.

Mwaka huu zamu ni ya baba. Mimi na ndugu zangu tumekubaliana ahamie kwangu Nanyuki. Kijana wangu alikuja na pikapu ya kamera. Hawa wa siku hizi, ukiwafunikia kile kioo cha kamera, hata mlango wa choo hawauoni. Lakini siku hiyo alirudi rivasi moja kwa moja hadi mlangoni pa baba, hakugusa hata ndoo.

Baba alimtazama sana. Kisha akaniuliza polepole, "Huyu hakuna mtu alimfundisha kukosea?"

Nilibaki nimesimama nyuma ya gari, mahali pangu pa zamani, mkono juu, nisijue niseme kulia au kushoto.